Matapeli wa Sandukuni

Ornella alikuwa amebakiza mkutano mmoja tu apate ajira ya kudumu kwa Profesa Hartwig, hapo Geneva. Nafasi ilikuwa moja na wanaoitaka wawili: yeye na Tadeusz, Mpolandi aliyegawana naye ofisi, birika la kahawa na umbea.

Kazi yake ilikuwa kusaka migongano ya protoni inayotoa elektroni mbili zenye chaji ya aina moja. Adha ya kazi hiyo ni matapeli. Takataka za mgongano hujipamba zikafanana na elektroni, na mtambo nao ukazisadiki. Huwezi kuwakamata mmoja mmoja. Unakadiria tu watakuwa wangapi, kwa kuwapima kwanza kwenye data nyingine ambako unajua wamejaa wao. Na wanafizikia wana mwiko wao: data yenyewe hukaa sandukuni, haichunguliwi mpaka makadirio yapitishwe. Sanduku likishafunguliwa, makadirio hayaguswi. Ukiyagusa, umepika matokeo.

Tadeusz ndiye aliyeteuliwa kumkagua. "Safi, dada," alimwambia. "Hata Hartwig na roho yake ya Kwaresima hataona pa kushika." Akapitisha.

Sanduku likafunguliwa mbele ya kikundi kizima. Ornella alikadiria matapeli kumi na mmoja. Zilitokea jozi ishirini na tisa. Hizo za ziada zilinukia ugunduzi; mtu akaanza kupiga makofi. Ornella alikwisha kumwona mama yake kule Ferrara, Italia, akiwapigia simu majirani.

Tadeusz akanyoosha mkono. "Samahani. Matapeli uliwapima kwenye data gani?"

"Si unajua? Ile yenye takataka za chembe nyepesi."

"Humu sandukuni wengi wanatokana na chembe nzito. Hao hupenya mara tatu zaidi. Huu si ugunduzi, ni matapeli wale wale."

Hartwig akavua miwani. "Na wewe ulipitisha."

"Nilimwamini, Profesa. Kosa nimeligundua jana. Nikaona heri niaibike nami kuliko kunyamaza."

Wengine wakatikisa vichwa kwa heshima. Hartwig akamgeukia Ornella. "Ukirekebisha sasa, nani atakuamini? Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hili." Mkutano ukaishia hapo, na nafasi yake nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ndani ya shati kabisa.

Ornella alimkuta ofisini, birika liko motoni.

"Jana, Tadeusz?"

"Februari, kabla sijapitisha."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungerekebisha."

Alisema bila chuki, na hilo ndilo lililomchoma Ornella zaidi. Akamimina vikombe viwili kama kawaida, akamsogezea chake na kijiko kimoja cha sukari, vile anavyopenda.

"Kunywa kabla haijapoa. Na usiondoke bila kuniachia ile programu yako ya kukadiria matapeli, dada. Ni nzuri sana. Nikibadilisha data ya kupimia tu, imekaa sawa."