Upepo wa Kumtoa Mama Mchangani

Kaka yangu Mhanna ana mdomo, hilo mji wetu mzima wa Bidiya unalijua. Lakini siku aliyosema mbele ya ndugu wote kwamba mama ahamie mjini, maneno yake yalinichoma kwelikweli. Alisema huku anamega halwa, wala hakuinua macho.

"Mama atoke mchangani. Chumba tayari, kina kiyoyozi na choo chake mwenyewe. Huko ndani akiugua atatolewa na nani? Na Zuwaina?"

Wakacheka wote. Zuwaina ni mimi.

Mimi ni mjane, nafundisha shule ya wasichana, na kila wikiendi naingia mchangani, ndani ya jangwa, kwa pikapu ya marehemu mume wangu kumpelekea mama maji, unga na dawa ya presha. Mama yetu, Bi Nadhira, kazaliwa kwenye mchanga ule. Ana mbuzi wake, ana ngamia watatu wenye kiburi kumshinda yeye, ana nyumba yake ya makuti ambayo upepo unaingia huku unatokea kule. Mtu wa namna hiyo umtie kwenye chumba chenye kiyoyozi? Mwezi haumalizi, utamkuta anazungumza na ukuta.

Walichocheka ni mambo ya mwezi wa nne. Mchangani huingii na tairi zilizojaa, utazama kwenye tuta la kwanza. Ukingoni unapunguza upepo mpaka tairi linalala kidogo, ndipo gari linaelea juu ya mchanga. Na ukitoka lazima uzijaze tena, kwa sababu baada ya mchanga kuna njia ya mawe, mawe makali kama meno, na tairi laini likipita pale linachanika ubavuni. Siku ile nilikuwa namtoa mama kwenda kupima macho. Nikachomeka pampu kwenye tundu la kiberiti cha gari, kipampu kidogo kama sanduku la chakula cha mtoto. Likajaa tairi la kwanza. La pili likafika nusu, pampu ikatoa moshi ikanyamaza. Mama akakaa juani mpaka alasiri, ndipo akapita mtu mwenye upepo, yaani mwenye pampu nzima.

Na pampu ile nilipewa na nani? Na Mhanna! Zawadi ya Idi. Hilo hakulisema siku ya halwa, na mimi kwa hasira nikalisahau mpaka nilipofika nyumbani, nikabaki naligombeza jiko.

Lakini kabla sijaondoka, pale pale barazani, nilimwambia, "Nipe Ijumaa moja, kaka. Nitamtoa mama mpaka kwenye lami, na wewe ufuate nyuma uone kwa macho yako."

"Bila msaada wa mtu?"

"Bila msaada wa mtu."

"Ukikwama, mama anapanda gari yangu na anakuja kwangu moja kwa moja. Hakuna kulia."

"Na nisipokwama, neno la kuhama usilitamke tena."

Tukashikana mikono mbele ya watu. Mama alipopelekewa habari alimtazama mletaji, akauliza, "Kwa hiyo mimi siku hizi naamuliwa na tairi?" Kisha akanitumia salamu: nisimtie aibu.

Basi nikaenda kwa binamu yangu Msallam, fundi umeme wa magari. Msallam ni mtu mzuri ila anapenda kukuuzia kitu kikubwa kuliko gari lako. Akanionyesha kwanza mtambo unaozungushwa na mkanda wa injini, umetengenezwa kutokana na kompresa kuukuu ya kiyoyozi.

"Huu hauchoki, dada. Injini ikinguruma, upepo upo."

"Na mtambo wenyewe unataka nini?"

"Oili yake, uiangalie mara kwa mara. Na mkanda. Na kichujio, usije ukatema mafuta ndani ya tairi."

"Msallam, mimi nasahihisha madaftari ya wasichana mia na ushee. Unataka nianze kulea na kompresa? Peleka huko."

Akaleta pampu ya umeme yenye tangi. Tangi limepakwa rangi nyekundu, linang'aa. Hapo ndipo Mhanna akaingia, funguo zinazunguka kidoleni. Sijui nani alimwambia kwamba nipo pale.

"Hiyo ndiyo niliyofunga mimi!" akasema. "Chini ya boneti, karibu na betri, safi kabisa. Ukibonyeza tu, pssss! Kama ngurumo."

"Pssss hiyo inajaza tairi ngapi?" nikauliza.

"Linajaa hata hujamaliza kuvaa viatu."

"Moja. Na la pili?"

"La pili tangi linajijaza tena, unasubiri kidogo. Nawe una haraka gani, unakwenda kuolewa?"

Msallam akacheka mpaka akaangusha bisibisi. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama boneti ya gari la Mhanna pale nje, limeegeshwa tu, na juu yake hewa ilikuwa inatetemeka kwa joto. Wanaume wa kwetu wote wanafunga pampu chini ya boneti, kwa sababu mmoja alifunga hapo na wengine wakamfuata. Lakini ukitoka mchangani umetoka kupiga gia nzito saa nzima, injini inaungua, na pampu iliyokaa pembeni yake imeshapikwa hata kabla hujaiwasha. Pampu hizi zina swichi ya kujizima zikipata joto kali. Kazi yake itakuwa nini zaidi ya kujizima?

"Nataka ile ya silinda mbili," nikamwambia Msallam, "isiyo na tangi. Ile iliyoandikwa kwamba inafanya kazi bila kupumzika. Uifunge nyuma ya kiti, ndani, juu juu, isile vumbi."

"Nyuma ya kiti?" Mhanna akashika kichwa. "Itakupigia kelele masikioni!"

"Nimekuzoea wewe, kelele ya pampu itanishinda?"

"Waya utakuwa mrefu, dada," akasema Msallam.

"Weka mnene. Mnene kabisa, na fyuzi yake uiweke karibu na betri. Na nitengenezee mpira wa upepo wenye matawi manne, tairi zote zijae pamoja."

Msallam akakuna shingo. "Ile ni nzito, ina nguvu za kupita kiasi. Kwa tairi nne tu?"

"Nani kasema nne? Huko ukingoni umewahi kujaza nne ukaondoka?"

Akaenda kuichukua, maana hajawahi. Kwetu mwenye upepo haondoki akaacha mtu nyuma yake na tairi laini. Awe ndugu, awe mgeni, awe yule uliyegombana naye kisimani, utamjazia, ndipo uende. Kila mtu anajua hivyo, na kila mtu akienda dukani ananunua pampu ya tairi zake nne. Hapo ndipo ninapowashangaa.

Ijumaa ikafika, na joto lake. Baada ya swala tuliingia, mimi mbele, Mhanna nyuma, na mama tukamkuta ameshavaa, barakoa ya wanawake wa kwetu usoni, birika la kahawa kifuani.

"Nani anashindwa leo?" akauliza.

"Panda mama, twende."

Akapanda kwangu. Mhanna akamfungulia mlango wa gari lake, lenye viti vya ngozi, mama akapita kama hakuuona. Tukatoka, tuta baada ya tuta, injini inalia, jasho linaniingia machoni, na mama kando yangu ananiambia, "Kulia. Kulia, nimesema! Hapo pana mchanga wa unga." Hajawahi kuendesha gari maisha yake, lakini mchanga anaujua, na sikuzama hata mara moja.

Tulipofika ukingoni nikaguna. Magari matatu yamesimama pale, wanawake wamekaa kwenye kivuli kidogo cha gari, watoto wanalia. Walikuwa wageni kutoka Jaalan, wametoka harusini. Bwana mmoja mrefu aitwaye Mbarak akaja, anafuta jasho kwa kilemba.

"Salaam alaykum. Pampu yetu imeungua. Tuko hapa tangu adhuhuri."

Hata sijamjibu, Mhanna kashateremka, anatabasamu mpaka masikioni.

"Wageni kwanza, dada! Ndivyo tulivyolelewa, au sivyo?"

Nilimwelewa. Magari matatu ni tairi kumi na mbili, na yeye alitaka pampu yangu ife kwenye tairi za wageni kabla haijagusa zangu. Ningeweza kusema hapana, masharti ni mimi kufika lami. Wallahi neno lilinifika ulimini. Nikamtazama mama. Mama alikuwa anamimina kahawa ya kwanza, anampelekea bibi mmoja wa Jaalan, wala hakuniangalia. Alijua ikifa pampu ile, usiku wa leo analala kwenye kiyoyozi.

"Sivyo nani kasema?" nikamwambia Mhanna. "Wageni kwanza. Kamata mpira."

Nikaacha injini ikinguruma, nikabonyeza swichi. Pampu ikaanza kelele yake nyuma ya kiti, kelele mbaya, nzuri. Matawi manne kwenye tairi nne, gari la kwanza likaanza kuinuka lote kwa pamoja, taratibu. Mbarak akasema mashaallah. Mhanna akaenda kwenye gari lake.

"Mimi najijazia zangu," akasema, "niwape nafasi."

Pssss! Tairi lake la kwanza likajaa kweli kama alivyojisifu. La pili, tangi likaishiwa, kompresa yake ikaanza kujaza tena, ikaguna, ikakohoa, ikanyamaza. Akabonyeza swichi, kimya. Akafunua boneti, akaigusa.

"Aaah!" Akaruka nyuma, vidole mdomoni.

"Imefanyaje?" nikamwuliza.

"Inapumzika."

"Maskini. Na safari yenyewe ndiyo kwanza imeanza."

Wanawake wa Jaalan wakaficha nyuso zao kwa shela, mabega yanatikisika. Mimi sikuwa na muda wa kucheka vizuri. Gari la pili lilikuwa linajaa, na mlio wa pampu yangu ukabadilika, ukawa mzito. Nikapanda garini nikakanyaga mafuta kidogo, betri ipate nguvu, nikaweka kiganja juu ya pampu. Ilikuwa ya moto, lakini mkono ulivumilia. "Twende, mama wee," nikaiambia. "Usinifanyie hivyo mbele ya huyu mtu." Sauti ikarudi mahali pake. Lahaula, nilitaka kuibusu.

Gari la tatu likajaa. Watu wa Jaalan hawakuondoka, wakasema watangoja waone tumemaliza. Nikavuta mpira kwenye tairi zangu, zikajaa zote nne, ngumu, unazipiga teke zinakurudisha. Nilikuwa nimemaliza. Njia ya mawe ile pale, na lami inaonekana mwisho wake inang'aa. Nikakaa kwenye usukani, nikashika gia.

Mhanna alikuwa amesimama kando ya gari lake lenye tairi moja lililojaa na matatu yaliyolala. Hakuomba. Kaka yangu hajui kuomba, angesimama pale mpaka asubuhi. Alitazama mawe, akatazama tairi zake mpya za bei mbaya, akatazama miguu yake.

Mama akateremka na kikombe, akampa.

"Kunywa, mwanangu. Umepauka."

Akanywa. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Zuwaina. Unao upepo?"

Walikuwepo watu wa Jaalan wote, wanasikiliza. Ningeweza kumjibu mambo mengi, na nilikuwa nayo tayari, ya miaka mingi. Nikashuka, nikaburuta mpira mpaka kwake, na nikamfungia mwenyewe kwenye valvu, maana vidole vyake vilikuwa vimeungua. Pampu ikaimba. Tulisimama bega kwa bega tunatazama gari lake linavyoinuka.

"Nyuma ya kiti," akanong'ona. "Lahaula. Nyuma ya kiti."

Tukapita mawe salama, magari matano msafara mmoja, mimi mbele. Tairi zangu za mbele zilipogusa lami nilipiga honi mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Nililia pia, sioni aibu kusema. Watu wa Jaalan wakapiga honi zao, wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba harusi imeanza upya, na Mbarak akatoa mkono dirishani akanipungia mpaka akapotea.

Mhanna akaja dirishani kwa mama. Alikuwa na uso wa mtu anayemeza kitu kigumu.

"Haya mama. Sharti ni sharti. Katoka bila msaada wa mtu."

"Na wewe umetoka kwa msaada wa nani?" mama akamwuliza.

"Mama, basi bwana."

"Nauliza tu. Mimi ni mzee, nasahau." Akatengeneza barakoa yake, akaegemea kiti. "Chumba chako kizuri, mwanangu, Mungu akuzidishie. Weka wapangaji. Zuwaina, mbuzi wangu hawajanywa maji, geuza gari."

Nikageuza. Tulipofika ukingoni tena nilizima injini, nikashuka kupunguza upepo, na nikakuta mtu amenitangulia. Mhanna alikuwa ametufuata. Amechuchumaa kwenye vumbi, kanzu yake nyeupe imeburuzika, anafungua valvu ya tairi langu kwa mkono usioungua. Upepo ukatoka kwa mluzi, na mama akatoa kichwa dirishani.

"Toa wa kutosha," akamwambia. "Nakwenda kwangu."