Kina Wendell

Jumapili ya kwanza ya likizo ya kiangazi, Bi. Marlene Hoekstra alimshusha mwanawe Wendell kwenye bweni la chuo kimoja kidogo kando ya Ziwa Michigan, akamtandikia kitanda na kumbandikia ratiba ukutani. Wendell alikuwa na miaka kumi na sita, mmoja wa vijana wenye vipaji waliochaguliwa kuja kusoma wakati wenzao wanakata nyasi na kulala hadi mchana. Mama yake alikuwa amemwandikisha hisabati ya juu na Kilatini. Vipindi vyote viwili vilianza saa tatu asubuhi.

"Mama, haya yanagongana," Wendell alisema.

"Utajipanga, mwanangu. Una kipaji."

Asubuhi ya Jumatatu Cyrus Baptiste wa Detroit, mwenzake wa chumbani, aliamka akakuta Wendell wawili wanapiga mswaki kwenye sinki moja, wakipishana kutema. Aliwasubiri wamalize.

"Ni nani kati yenu anayekoroma?"

Kina Wendell walitazamana. Hakuna aliyekuwa na uhakika.

Mmoja alikwenda hisabati, mwingine Kilatini. Dkt. Prewitt, mkurugenzi wa programu, aliwaita ofisini, akawatazama, kisha akatoa kadi ya pili ya bwalo, kwa kuwa kanuni zilikataza watu wawili kula kwa kadi moja. Halafu akampigia simu mama yao.

"Wako wawili," alisema, "na wote wanaendelea vizuri."

Bi. Hoekstra alichukua kalamu. "Kemia bado ina nafasi?"

Wa kemia alitokea kesho yake, na wa mdahalo akafuata. Wazazi wengine walipopata habari walilalamika. Baba mmoja kutoka Chicago aliendesha gari mpaka chuoni kuuliza kwa nini binti yake, ambaye alama zake hazina kasoro, bado ni mmoja tu. Dkt. Prewitt alimtuliza kwa kumwambia kwamba kila mtoto ana kasi yake.

Kila alipoongezeka Wendell, waliotangulia walipungukiwa na kitu. Wa Kilatini aliacha kuhisi ladha ya chakula. Wa hisabati hakujua tena wimbo wowote. Alama zao ziliendelea kupanda, kwa hiyo walimu hawakuwa na la kuuliza.

Wa tano alitokea Jumamosi mchana, bila mtu kumwandikisha popote. Cyrus alimkuta ufukoni anakula soseji ndani ya mkate, haradali imemtapakaa hadi kwenye kidevu.

"Na wewe ni wa somo gani?"

"Sina somo."

"Afadhali. Wenzako wananichosha, bwana. Jana mmoja kaniamsha kuniuliza kama nina swali."

Wendell wa tano alicheka mpaka soseji ikaanguka mchangani. Aliiokota, akaipukuta, akaimaliza.

"Unajua kuogelea?" Cyrus aliuliza.

"Sijui."

"Vua viatu."

Alijifunza kwa kumeza maji mengi. Kila alasiri akiwa ziwani aliwapungia mkono wenzake waliokaa dirishani mwa maktaba. Mara moja mmoja wao aliinua mkono kumjibu, akautazama ule mkono wake, kisha akarudi kuandika.

Siku ya kufunga, Bi. Hoekstra alikuja na mumewe, Gerrit, mtu wa maneno machache. Kina Wendell wanne walisimama karibu na gari, kila mmoja na cheti chake. Wa tano alisimama nyuma yao, nywele zinachuruzika maji.

"Na huyu?" mama aliuliza.

"Huyu naye ni Wendell," alisema Dkt. Prewitt.

"Amesoma nini?"

"Nimejifunza kuogelea, Mama."

"Kuna cheti?"

Dkt. Prewitt alisema kwa masikitiko kwamba hakuna. Bi. Hoekstra alimsogelea kijana, akamgusa taratibu pua iliyokuwa inabambuka kwa jua.

"Sura ni ya mwanangu," alisema. "Lakini Wendell wangu hajawahi kuungua na jua."

Gerrit alikuwa ameshika mlango wa gari. "Mbwa wetu anaitwa nani?" aliuliza.

Wale wanne walitazamana.

"Pretzel," alisema wa tano.

"Mbwa haulizwi kwenye mtihani, Gerrit. Washa gari."

Gerrit alimpa kijana mkono, akakawia kuuachia. Kisha akawasha gari, wakaondoka na wale wanne.

Mama yake Cyrus, aliyekuwa amekuja kuchukua mtoto mmoja, alimtazama Wendell kuanzia nywele hadi miguu.

"Unakula kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

"Basi panda. Na ukaushe nywele, usinilowanishie viti."

Mwezi wa Oktoba Wendell alipiga simu nyumbani kutoka Detroit. Mama ndiye aliyepokea.

"Naweza kuongea na Wendell?"

"Wanasoma. Nani mwenzangu?"

Alifikiri kidogo. "Rafiki yake wa kiangazi. Nilitaka tu kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Ni leo."

Bi. Hoekstra aliangalia kalenda ukutani.

"Asante kwa kunikumbusha, baba," alisema. "Una adabu sana. Mama yako ana bahati."

Alikata simu, akaoka keki, akaikata vipande vinne, akampelekea kila mmoja mezani kwake ili wasipoteze muda.