Kijiji Kisicho na Malaria

Ba Hamoonga, mkuu wa afya wa wilaya, alikuwa ameshachongesha kibao: NAKASIKA, KIJIJI KISICHO NA MALARIA. Msimu mzima zahanati ya Nakasika haikuandika mgonjwa hata mmoja, na sifuri ile ilimpendeza kama medali. Neti zilizotengewa kijiji angezipeleka kwingine.

Mutinta, mtakwimu wake, alikohoa kidogo. "Ba Hamoonga, zahanati ile haina vipimo tangu mvua zianze. Watu wanavuka mto kupimwa Simwami, na wanahesabiwa hukohuko. Halafu kijiji chenyewe kidogo, sifuri yake haina uzito. Nimekikadiria pamoja na majirani zake. Naona mtoto mmoja kati ya watatu anaugua. Neti zikienda kwingine, watalala wazi msimu wote."

Mkuu alicheka hadi tai ikarukaruka juu ya tumbo. "Yaani unawakopea watu homa kwa jirani? Binti, hesabu gani hiyo ya kuomba kama chumvi?"

Mutinta akakunja karatasi zake. Majibu mazuri yalimjia jioni, akiosha vyombo.

Siku ya kusimika kibao, Bina Choolwe, mama wa palepale kijijini, alikuja na mtoto anayetetemeka mgongoni. Akakisoma, akageuka.

"Ba Hamoonga, na mbu wetu wameshasomewa?"

Watu wakaangua kicheko. Mkuu, kwa kiburi kilichochomwa, akatangaza kwamba atalala palepale, bila neti, wamwone.

Akalala, na mbu wakamwona.

Wiki mbili baadaye alikuwa hospitalini mjini, chini ya rundo la mablanketi, meno yakigongana. Mutinta alimletea chibwantu, kinywaji cha mahindi.

"Wamekuandika mgonjwa wa mjini," alisema taratibu. "Kwa hiyo Nakasika bado ni sifuri. Niache hivyo?"

Mkuu akaikodolea macho dari. Akisema Nakasika, kibao ni kichekesho. Akisema mjini, malaria imeingia mtaa wa maofisa, uani kwake.

"Yale makadirio yako," alinong'ona, "ya majirani... bado unayo?"

"Ninayo, Ba."

"Peleka neti. Lakini kibao kisiguswe."

Neti zikafika, zikapitishwa kando ya kibao. Bina Choolwe alimfunga mbuzi wake kwenye nguzo ya kibao, akaingia ndani kumtundikia mtoto neti.