Milango ya Mabomba

Nilimwambia mume wangu Lyle nataka milango kwenye Jeep yetu. Akaninunulia mabomba.

Sitanii. Boksi lilipofika nilidhani kaagiza kitanda. Ndani mlikuwa na mabomba meusi ya chuma yaliyokunjwa umbo la mlango, katikati hakuna kitu. Upepo unapita, nyuki anapita, hata kuku angepita bila kuinama. Lyle akayapakata kama kaletewa mjukuu.

"Hiyo ndiyo milango?" nikamuuliza.

"Ya kiangazi, mke wangu. Upepo unaupata, na huanguki."

"Na mvua?"

"Mvua nayo unaipata."

Watu wa kwetu, huku kando ya Ziwa Michigan, wakishaona jua siku mbili mfululizo hung'oa milango ya Jeep zao na kuiegemeza gerejini nyumbani hadi majani yaanze kupukutika. Tena mwenye Jeep akikutana na mwenye Jeep mwenzake lazima ampungie mkono, wajuane wasijuane. Usipopunga umetukana ukoo mzima. Sasa kiangazi kilichopita tulikuwa tunapanda tuta la mchanga, gari halina milango, likainama upande wangu. Bakuli la saladi ya viazi likaruka nje, kiatu changu kikalifuata, na mimi nikabaki nimening'inia kwenye mkanda, nusu ndani nusu nje. Nikageuka nimwite mume wangu. Mume wangu alikuwa anampungia mkono bwana mmoja wa Jeep ya njano.

Nikaapa sipandi tena. Klabu yao ya Jeep ikitoka, Lyle alikwenda peke yake, na kwenye kiti changu akaweka boksi la barafu lenye soda. Kila mara alirudi amenyong'onyea. Na mimi, niseme ukweli, iliniuma. Ndoa yote tumezunguka pamoja, leo nafasi yangu inakaliwa na soda! Kwa hiyo klabu ilipopanga kutoka Jumamosi hii, nilimwambia: gari liwe na milango nipande, la sivyo sipandi tena maisha, na usiniulize.

Basi akaanza kazi. Alitandika shuka langu la wageni chini ili milango ya zamani isichubuke rangi. Kuhusu shuka kuchubuka hakusema kitu. Akafungua bolti, tukainyanyua ile milango ya zamani, ambayo mwaka huu alikuwa bado hajaing'oa, tukaitoa. Mabomba yakaingia kwenye bawaba vizuri tu, ila kitasa cha upande wangu kikagoma. Ukifunga, kinafunguka chenyewe. Lyle akakisogeza, akakaza, akakitukana, akakisogeza tena. Jirani yetu Bi. Dykstra akaja na kikombe chake cha kahawa kusimamia kazi ambayo hakuna aliyemwomba asimamie.

"Rhonda, utapanda kitu hicho? Mbona kina tundu?"

"Muulize fundi, Bi. Dykstra."

"Fundi gani?" akasema, na kunywa kahawa yake.

Mwishowe kitasa kikashika. "Haya, egemea," Lyle akaniambia.

"Egemea wewe kwanza."

Lyle si mtu mdogo. Akakaa kwenye kiti changu, akafunga mlango, akajitupa kwenye mabomba kwa uzito wake wote. Mlango ukashika. Suruali haikushika. Bi. Dykstra akageuza uso, lakini hakufanya haraka.

Akabadilisha suruali, tukatoka kujaribu gari mtaani. Nilikaa nimekakamaa, bomba nimelikamata kwa mikono miwili.

"Uko sawa?" Lyle akauliza.

"Niko sawa."

"Hutelezi?"

"Lyle, tuko kwenye lami. Nitelezee wapi?"

"Mkanda je? Umebana?"

Nikamtazama. Alikuwa amenikodolea macho, uso umejaa hofu, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Mwaka mzima nilitaka mtu huyu anitazame hivyo. Moyo wangu, mjinga sana, ukalainika palepale.

Ndipo tukaligonga sanduku la barua la Bi. Dykstra, kando ya barabara.

Mwendo ulikuwa wa bata, lakini sanduku lilikwenda chini na nguzo yake.

"Lyle!" Bi. Dykstra akapiga kelele. "Barabara yote hiyo!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mlango wangu haukutikisika hata kidogo. Lyle hakucheka. Alikuwa amening'ang'ania bega.

"Umeumia?"

"Shuka," nikamwambia.

"Nimekuudhi tena?"

"Shuka uje huku. Jumamosi naendesha mimi."

"Wewe? Matuta yale? Rhonda, hujawahi!"

"Na wewe huwezi kunitazama mimi na njia kwa pamoja. Umeshindwa mara mbili. Chagua moja."

Mikono yake ilikuwa bado iko kwenye usukani anaoupenda kuliko chakula. Kisha akashuka, akazunguka gari, akangoja nihamie upande wake. Akapanda, akafunga ule mlango wa mabomba, akajifunga mkanda, akanigeukia mwili mzima.

"Nishachagua," akasema. "Wewe tazama njia."