Mama Shii na Wifi Yake

Ukumbi wa kusomea wa maktaba ya chuo kikuu ulikuwa na mwenyewe. Wanafunzi walimwita Mama Shii, kwa maana akiweka kidole mdomoni hata profesa alimeza kikohozi. Na ndiye aliyemtafutia kazi pale wifi yake, kitinda mimba wa kwao mumewe. Alimpokea, akamzungusha kwenye rafu, akawa anammegea chakula chake cha mchana.

Kisha yakaja yale maradhi, chuo kikafungwa. Mama Shii alikaa nyumbani na funguo zake, akangoja. Wifi hakungoja. Aliketi na kompyuta mapajani, akawatafutia wanafunzi makala mtandaoni na kuwaelekeza kwa simu mmoja mmoja. Milango ilipofunguliwa, chuo kizima kilimjua kwa sauti. Nusu ya rafu ziling'olewa, vitabu vikasukumwa stoo, yakaletwa makochi. Wifi akapewa ofisi ya vioo ghorofani. Mlangoni kukabandikwa karatasi: WIFI BURE.

"Bure kwao," Mama Shii alimwambia mfagiaji. "Wa kwangu ananigharimu."

Mfagiaji alicheka mpaka akaegemea ufagio. Mama Shii hakucheka. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Umesikia mkuu wa maktaba alivyomsifu mdogo wangu?" mumewe aliuliza, uso unang'aa.

"Nilikuwepo," alisema. "Mimi ndiye niliyepanga viti."

Asubuhi moja akaja mwanamke wa makamo, mwanafunzi wa uzamili, begi linamwelemea bega.

"Shikamoo, mama. Namtafuta yule dada aliyetusaidia wakati wa kufungiwa. Tasnifu yangu inatakiwa leo, na kuna makala hazifunguki. Nampigia, hapokei."

Wifi alikuwa juu, kikaoni. Mama Shii alimwona akipanda. Lakini ulimi ulitangulia.

"Hayupo. Kasafiri."

Mwanamke alinyong'onyea kama jani la mboga juani. Roho ikamsuta Mama Shii kidogo. "Ni kitabu gani? Nikutafutie mimi?"

"Si kitabu, mama. Basi nitakaa humu niandike ninachoweza. Nyumbani tumejaa tele, wakati ule nilikuwa nasomea bafuni, nimeketi ukingo wa beseni la kuogea. Hapa angalau pametulia."

Akaenda kuketi. Mama Shii alibaki na neno lile, pametulia. Kwa hiyo yeye kazi yake ni kulinda viti, na mwenye elimu yuko juu!

Adhuhuri Wifi alishuka. "Wifi yangu, umekula?" aliita kutoka ngazini.

Mwanamke akaruka kitini. "Hiyo sauti! Dada, si umesafiri?"

Ukumbi mzima ukageuka. Wifi alimtazama Mama Shii, na Mama Shii akatazama meza. Palikuwa kimya kuliko siku zote alizowahi kunyamazisha watu.

"Nilisafiri kweli," Wifi alisema taratibu. "Ndiyo nimeingia. Twende juu."

Tasnifu ilifika kabla ya ofisi kufungwa. Jioni Wifi alimkuta Mama Shii stoo, anafuta vumbi vitabu visivyoombwa na mtu.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nakuonea wivu. Donge limenikaa hapa," akajigusa koo. "Na ungenitukana mbele yao ingekuwa afadhali kuliko kunisitiri."

Wifi alikalia boksi. "Siku mliyooana nilijifungia chumbani nikalia. Kaka alikuwa wangu. Mwaka mzima nilikuombea uunguze chakula."

"Kumbe ni wewe! Na niliunguza kweli!"

Wakacheka, lakini kicheko hakikung'oa donge.

Wiki iliyofuata mkuu wa maktaba alitangaza kwamba rafu zilizobaki zitaondoka, ukumbi wote uwe wa makochi na mazungumzo. Mama Shii alinyanyua mkono, akapinga. Mkuu akaitikia kwa kichwa na kuendelea. Wifi alipoinuka na kueleza habari za watu wanaosomea bafuni, mkuu aliweka kalamu chini. "Wazo zuri sana hilo. Ukumbi ubaki wa kimya." Wakampigia Wifi makofi.

Mama Shii naye alipiga, viganja vikamuuma. Ukumbi wake amebakiziwa, tena kwa mkono wa mtu yule yule!

Hata hivyo shukrani ni deni la adabu. Alipanda ghorofani, akiyapanga maneno njiani, akayapangua, akayapanga tena. Mlango wa vioo ulikuwa na watu tele. Akanyoosha mkono kubisha.

"Samahani, mama," kijana mmoja alisema kwa heshima. "Foleni inaanzia kule nyuma."

Jibu kali lilimjia mpaka kwenye meno. Akalimeza, akaenda nyuma, akasimama. Aliyekuwa mbele yake akasogea kidogo kumpa nafasi ya kuegemea ukuta.