Prizi ya Ukingoni

Nauza prizi na nyaya pale Bwiza, kwa hiyo najua ninachosema: prizi haiwekwi karibu na beseni la kuogea. Sentimita sitini kutoka ukingoni, tena hapo umebana sana. Nilimwambia hivyo mume wangu, Suud, alipokuwa anatoboa ukuta wa bafu letu huku Kinindo. Akacheka. “Hiyo ni sheria ya Wazungu wenye kulala mu maji,” akasema. Mama yake alitaka maji ya moto ya kutawadhia, na mbele ya mama yake Suud hana ubavu. Prizi ikakaa ukingoni kabisa.

Sisi hatulali ndani ya beseni hilo. Tunahifadhia maji, maana bomba nalo lina siku zake. Mama mkwe, Bi Basma, husimamisha ndoo hapo ukingoni, akatumbukiza rezistansi, ule waya wa chuma uliojikunja wa kuchemshia maji, akachomeka. Umeme ukikatika hachomoi. Anaiacha hivyo hivyo ili umeme ukirudi, maji yajichemkie yenyewe.

Jumapili hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Alasiri ikafika. Bi Basma alinipita ukumbini bila kunitazama, kama kawaida yetu, akajifungia bafuni. Nikaendelea kukunja nguo. Halafu macho yangu yakaenda kwenye msumari wa kando ya mlango, inapotundikwa rezistansi. Msumari ulikuwa mtupu.

Papo hapo jenereta ya jirani wa ng'ambo ya barabara ikanyamaza. Ng'ambo hurudishiwa umeme kwanza. Sisi hufuata punde tu.

“Mama! Usiguse maji! Mama!”

 Nikapiga mlango kwa ngumi mbili. Nilisikia maji tu yakimwagika. Bi Basma hasemi neno akiwa bafuni, hata nyumba ishike moto, ndivyo alivyolelewa. Tena amri yangu mimi aifuate lini?

Nikauacha mlango, nikakimbilia jikoni, iliko swichi kubwa ya nyumba, juu ya friji. Nikapanda kiti, kikayumba, nikaivuta swichi chini. Hata mkono sijautoa, redio ya jirani wa upande wetu ikaanza kuimba. Umeme umerudi. Friji yetu ilibaki kimya.

Nikaketi sakafuni. Niliogopa kwenda kutazama kama nimewahi.

Mlango wa bafu ukafunguka, Bi Basma akaja jikoni. “Juu ya nini unapiga mulango namna ile? Na ku jirani umeme iko, kwetu apana?”

Nikainuka nikamkumbatia, nikalia. Sijawahi kumpenda mama huyu, na bado nililia kwa furaha. Yeye alisimama wima, mikono ikidondosha maji.

Suud akaingia kutoka nje, akaona friji imezimika, akanyoosha mkono kwenye swichi. Nikamsukuma kifuani.

“Apana! Rezistansi iko mu ndoo, imechomekwa. Mama yako ametoa mikono mule sasa hivi.”

Akaitazama mikono ya mama yake, imelowa mpaka viwiko.

“Jokha, bisibisi iko wapi?” akaniuliza kwa sauti ndogo.

“Unaondoa prizi yangu?” Bi Basma akang'aka. “Na maji yangu ya moto?”

“Mi nitakuchemshia, Mama,” nikasema. “Ku makaa.”

Akanitazama usoni.

“Sala zote tano?”

“Zote tano, Mama.”