Konde la Mvunguni

Mji mzima wa Mwanza ulijua kwamba Mhoja alimwangusha Venant kwa ufundi. Teodora, mke wa Mhoja, alijua kwamba alimwangusha kwa sababu bukta ilikuwa inaporomoka.

Miaka ile hata sabuni ilipangiwa foleni, seuze lastiki. Teodora, fundi cherehani wa Igogo, alichomoa lastiki ya shimizi lake kuukuu akaitia kwenye bukta ya mumewe, akamwonya asirukeruke sana. Raundi ya pili, katikati ya uwanja wa Nyamagana, lastiki ikasalimu amri. Mhoja akainama kuiwahi bukta kwa mkono wa kushoto. Ngumi ya Venant, kuli wa kivuko cha Kamanga mwenye mabega kama mlango wa ghala, ikapita juu ya kisogo ikapiga hewa. Mhoja akainuka kwa hofu, mkono wa kulia umetangulia, ukakutana na kidevu. Refa alihesabu mpaka kumi. Venant alikuwa anaota samaki.

Basi kila mtu akajichotea sifa. Kahigwa, kocha wake, Mhaya aliyesoma na asiyependa jambo hilo lisahaulike, alitangaza kwamba konde lile amelibuni yeye. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," aliwaambia watu wa soko la samaki, na tangu hapo likaitwa konde la mvunguni. Mwenyekiti wa tawi la chama alisema ni tunda la kujitegemea, maana halikuagizwa kutoka nje. Mhoja akatikisa kichwa kukubali yote. Sifa ukishapakuliwa, nani anarudisha sahani?

Ila nyumbani hakukuwa na cha kupakua.

"Mwadila, bondia wa shimizi," Teodora alimsalimu mumewe kwa Kisukuma kila aliporudi kutoka kazini kiwanda cha pamba.

"Mama Ng'washi, mtu alilala pale. Hukuona?"

"Niliona. Hata embe likimdondokea mtu linamlaza. Haliitwi bondia."

Maneno hayo yalimuuma Mhoja kuliko ngumi yoyote aliyowahi kula. Mji mzima ungeweza kumsifu mpaka ukaukwe na mate. Alichotaka ni kimoja tu, mkewe aseme kwa mdomo wake kwamba mume wangu anajua ngumi.

Venant akadai marudiano. Kufikia hapo Kahigwa alikuwa amelieleza konde la mvunguni kwa kila mwenye masikio, hata likapanda kivuko na kushuka Kamanga. Abiria wakamletea Mhoja habari: kule Venant anafundishwa kwamba Mhoja akiinama tu, ashushe mikono yote miwili amzibie njia huku chini.

Mhoja akakaa na habari hiyo. Mtu akishusha mikono yote miwili chini, huko juu anamwachia nani ulinzi? Akaning'iniza gunia la pamba nyuma ya ghala la kiwanda, na kila jioni akawa anainama, anaikandamiza bukta kwa mkono wa kulia, anainuka na kupiga kwa kushoto, kwa juu. Hakumwambia mtu. Hasa Kahigwa.

Siku ya marudiano lastiki haikupatikana, hata ya shimizi. Teodora akakata tyubu ya baiskeli, akaikunja mara mbili, akaishona kwa uzi wa nyavu.

"Leo ukianguka," alisema, "utaanguka umevaa."

Raundi ya tatu Mhoja akashtuka, akatazama kiunoni, akaikandamiza bukta kwa mkono wa kulia na kuinama. Uwanja ukaangua kicheko: "Bukta! Bukta!" Venant akashusha mikono yote miwili. Mkono wa kushoto wa Mhoja ukapita juu, ukatua kwenye taya, na kuli wa Kamanga akalala tena palepale alipolala mwanzo.

"Bahati!" watu walipiga kelele huku wamembeba Mhoja juujuu. "Bukta imemwokoa tena!" Kahigwa naye, alipoona konde hili si lake, akakohoa kisomi. "Lile la kwanza lilikuwa ufundi," alisema. "Hili, kusema ukweli, ni bahati tupu." Huko chini Teodora alikuwa anacheka na wanawake wenzake mpaka machozi yanamtoka. Mhoja alimwona, na moyo ukamfa. Laiti angekuwa ameanguka yeye.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa. Mhoja akaingia chumbani kuvua bukta. Haikushuka. Akaita. Teodora akaja, akavuta, akaweka mguu ukutani akavuta tena, mwisho akachukua mkasi. Mpira ulikuwa umemchora Mhoja mfereji kiunoni. Teodora akajaribu kupitisha kidole kati ya mpira na tumbo. Hakikupita. Kicheko kikamwisha.

"Baba Ng'washi. Hii ilishuka saa ngapi?"

Mhoja akautazama ule mkasi.

"Nimeishona mimi mwenyewe. Hii haikushuka."

Nje, Igogo nzima ilikuwa inaimba wimbo wa bukta. Teodora akakata mpira, akamtupia mumewe khanga, akafunga mlango. Kisha akakunja ngumi na kusimama mbele yake.

"Nionyeshe. Polepole. Mimi ndiye Venant."

Mhoja akajifunga khanga, akaikandamiza kwa mkono wa kulia, akainama. Teodora akashusha mikono yote miwili. Ngumi ya kushoto ikaja kwa juu, taratibu, ikasimama kwenye shavu lake bila kuligusa.

"Kumbe," alisema. "Kumbe mume wangu unajua ngumi."